Kutoka Robanda hadi Sirari Kutafuta Beringi ya Inchi

Wenzangu wa kwaya,

Jumapili mlinizunguka nje ya kanisa, kila mmoja na swali lake. Ulilala wapi? Ulikula nini? Ni kweli walikushuku umebeba dhahabu? Nikawajibu nusunusu kwa sababu nilikuwa na haraka, nanyi mnanijua, mimi nina haraka hata ya kwenda kulala. Sasa nimeyaandika yote. Someaneni, kisha mniache nipumue.

Mashine yenyewe mnaijua, lakini naieleza kwa ajili ya dada yangu aliyeko Musoma, ambaye naye amedai asome. Ni mashine ya kusaga aliyoiacha baba mkwe, chuma kizito cha Kiingereza cha zamani, kinachozungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Iko kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu, kitongoji cha mwisho kabla ya hifadhi. Mashine nyingine ziko Robanda senta, mwendo wa saa moja na nusu kupita vichakani, na vichaka hivyo asubuhi ni vya tembo.

Mashine ilianza kulia mapema. Kwanza ililia kama chenene. Wiki iliyofuata ikawa kama mtu anayetafuna changarawe. Nilijua ni beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti upande wa puli, kwa sababu nikiweka mkono pale paliunguza. Lakini mahindi yalikuwa yamevunwa, foleni ilikuwa ndefu, na kila siku nilijiambia nitaizima kesho. Siku ya Alhamisi ikapiga yowe moja, ikatoa moshi, ikasimama yenyewe.

Jumatatu yake Bhoke, jirani yangu, alijitwika debe la mahindi akaenda kusaga senta. Alipokuwa akirudi na unga alikutana na tembo watatu njiani. Alitupa debe akakimbia, akaanguka kwenye korongo, mkono wa kushoto ukavunjika. Nilikwenda kumwona. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikazungumza habari za mvua, habari za kuku, habari za kila kitu, isipokuwa kwamba niliisikia ile mashine ikilia wiki tatu nzima na sikuizima.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kambi ya watalii ndani ya hifadhi, anarudi mwisho wa mwezi. Kwenye simu aliniambia, "Nisubiri nije, tutaangalia pamoja." Nikamjibu sawa, nitasubiri. Kisha nikamwita Mwikwabe, dereva wa trekta, akaja na chuma chake cha miguu mitatu, akaing'oa ile beringi, akaniwekea mkononi. Gololi mbili zilikuwa zimepasuka.

"Dada, hii imekufa kabisa," alisema. "Usiniulize kama inatengenezeka."

Nikaifunga kwenye kipande cha khanga kuukuu. Kesho yake asubuhi nikaondoka.

Robanda hadi Mugumu

Nilidhani ningefika Mugumu kabla ya maduka kufunguliwa, nisubiri mlangoni. Pikipiki iliyonichukua ilikwenda vizuri dakika ishirini tu. Kisha tukakuta nyumbu. Mnawajua nyumbu wanapoamua kuvuka barabara, hawana wa kwanza wala wa mwisho. Kijana wa pikipiki alizima injini, akatoa karanga mfukoni, akaanza kumenya moja moja kana kwamba tumekuja kutazama.

"Piga honi," nilimwambia.

"Mama, ukipiga honi wanarudi walikotoka, halafu wanaanza upya."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Nilishuka nikapanda, nikashuka nikapanda. Alinipa karanga, nikala bila kujua ladha yake.

Mugumu niliingia duka la kwanza la vipuri. Muuzaji alikuwa binti mwenye simu mkononi. Nilipofungua khanga akatazama mara moja tu.

"Ya pikipiki gani hiyo?"

"Si ya pikipiki. Ya mashine ya kusaga."

"Basi ya bajaji itakutosha."

Duka la pili hawakuwa nazo. Duka la tatu mwenye duka alileta beringi mpya ndani ya boksi, inang'aa, imefungwa kwa nailoni. Akaiweka juu ya ile yangu. "Hii hapa. Ikigoma kidogo, gonga." Namba za yangu zilikuwa zimefutika, kwa hiyo sikuwa na la kubishana naye. Nilikuwa nalikumbatia lile boksi, moyoni nimeshafika nyumbani, ndipo mwanamume mmoja mwenye ovaroli aliyekuwa akinunua mkanda akasema, "Dada, samahani, naomba niione hiyo ya zamani."

Alitoa kipimo mfukoni, kile cha chuma cha kubana, akapima tundu. Akapima tena.

"Hii ni inchi moja na nusu. Hiyo mpya ni milimita arobaini. Itacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Utaitia leo, kesho itakula shafti, na shafti ndiyo mashine."

Mwenye duka alikasirika, akasema watu wote wanatumia hizo. Yule wa ovaroli hakubishana. Alinitoa nje akaniambia kwamba beringi za inchi hazijapita Mugumu kwa miaka mingi, ila kule Ringwani kuna Mzee Mwita, alikuwa na mashine kama yangu, nayo imelala siku nyingi. "Kama hajaiuza kwa watu wa chuma chakavu, beringi zake zimo."

Nilisahau hata kumuuliza jina. Mpaka leo najilaumu.

Mugumu hadi Ringwani

Ringwani niliulizia kwa Mzee Mwita nikaelekezwa mji wenye migomba na zizi la mawe. Nilikuta mama mmoja mrefu, mwembamba, akianika mtama uwanjani. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kosa langu ni kwamba sikuweza kukaa. Nilianza na shida yangu hata kabla sijaulizwa habari za nilikotoka.

"Mama, nimesikia mna mashine ya kusaga ya zamani. Nilikuwa nataka kuona vyuma vyake."

Uso wake ulifungika hapohapo. Alichukua ule ufagio wa kukusanyia mtama.

"Chuma chakavu hatuuzi! Nimewaambia wenzenu mara ngapi? Wiki iliyopita walikuja na mizani, leo wamemtuma mwanamke! Toka!"

"Mama, mimi si wa chuma..."

"Toka nimesema!"

Nilitoka, maana ufagio ulikuwa unakuja. Nilifika kwenye migomba nikasimama. Kurudi Mugumu mikono mitupu sikuweza. Nikaifungua khanga, nikainua ile beringi juu ili aione, nikapaza sauti kutoka kulekule: "Mama, mashine yangu imekufa! Jirani yangu amevunjika mkono akienda kusaga mbali! Natafuta mwenzake wa hii tu!"

Akaitazama. Kisha akaweka ufagio chini. "Ungesema hivyo kwanza," alisema. "Njoo ule."

Ndivyo nilivyofahamiana na Mama Mwita, mke wa Mzee. Alinipa ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikataa kuzungumza habari za mashine kabla sijamaliza. Nilikula haraka mpaka akaniuliza kama kuna mtu ananifukuza.

Mashine ilikuwa kwenye banda lililoinama. Kuku walikuwa wametaga pale pa kumwagia mahindi. Nilipiga magoti nikatazama upande wa puli, nikaona shimo tupu. Upande wa pili, shimo tupu.

"Beringi ziko wapi, mama?"

"Baba Mwita alizitoa mwenyewe. Zilikuwa nzima, ila fundi mmoja Tarime, Otieno, alimwambia azipeleke azipime, amtafutie nyingine za akiba. Akazipeleka. Aliporudi, mwezi huohuo akapata kiharusi. Hajasema neno tangu hapo, na mkono mmoja ndio unafanya kazi. Nani angezifuata?"

Mzee mwenyewe alikuwa ndani kitandani, sikumwona siku ile. Nilimuuliza Mama Mwita kama nikimpata huyo Otieno anaweza kuniachia moja. Alifikiri kidogo, akichambua mtama.

"Ukizikuta, moja chukua. Lakini upite nayo hapa, aione."

Akanipa namba yake ya simu, nikaiandika kwenye kiganja na kwenye karatasi, maana siiamini simu yangu.

Ringwani hadi Tarime

Nililala kwa Mama Mwita, na asubuhi nikapata nafasi kwenye lori la mahindi linalokwenda Tarime. Dereva alikuwa na abiria wawili mbele, mimi na mwanamume mmoja wa makamo mwenye koti la mvua, ingawa jua lilikuwa kali. Tulivuka daraja la Mto Mara vizuri. Karibu na Nyamongo tairi la nyuma likapasuka.

Sasa nyinyi mnajua Nyamongo ni kwenye dhahabu. Mgodi uko pale, na pembeni watu wanachimba wenyewe, na kila mtu anatazama mzigo wa mwenzake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara na kile kifurushi mapajani, kizito, kimefungwa mafundo mawili. Kila mara dereva alipoenda kutafuta jeki nilikuwa nasimama, naenda hatua kumi, narudi, na kifurushi nakibeba. Sikujua kwamba ninajivutia macho.

Yule wa koti alisogea taratibu.

"Mama, hilo jiwe unalipeleka wapi?"

"Jiwe gani?"

"Hilo. Mimi sina neno. Ila Tarime watakulalia kwenye bei. Kama unataka mtu mwaminifu wa kukupima, mimi nipo."

"Hii ni beringi, baba."

Akacheka, akatikisa kichwa kama mtu anayeheshimu uongo mzuri. "Sawa. Beringi."

Akaenda kwa wauza ndizi za kuchoma, wakanong'ona. Baada ya muda mfupi watu wanne walikuwa wamesimama karibu nami bila shughuli. Mama mmoja muuza chai akaniletea kikombe bila kuombwa, akaniita "dada yangu" mara tatu. Nilianza kuogopa. Nikaamua kufungua. Nikafungua mafundo yote mawili mbele yao, nikaitoa beringi, na grisi nyeusi ikanichafua mpaka kwenye viwiko.

Yule wa koti aliitazama muda mrefu. Aliinama akainusa. Kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Mama, kwa nini unatembea hivyo na beringi?" Kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Muuza chai akadai kikombe chake.

Tairi lilichukua saa nne. Nilikula ndizi tatu za kuchoma na chumvi na pilipili, na hizo ndizi, nakiri, zilikuwa tamu kuliko chochote nilichokula safari nzima. Tulipanda vilima kuelekea Tarime jua limeshainama, baridi ikaniingia mifupani, na yule wa koti, ambaye sasa nilielewa kwa nini amevaa koti, hakunisemesha tena mpaka tukaagana.

Tarime hadi Sirari

Pale nilipoelekezwa kuwa ndipo karakana ya Otieno ilipokuwa, sasa panauzwa magauni ya harusi. Nilisimama mlangoni nimepakaa grisi, masanamu yamevaa shela, dada wa duka akiniomba kwa adabu nisiguse kitu. Aliniambia fundi alihamia Sirari zamani, karibu na mpaka, niulize mtu yeyote. Nikalala gesti, asubuhi nikaendelea.

Sirari ni kilomita chache tu, lakini unafika nchi nyingine kabla hujavuka. Niliingia duka la vipuri kuuliza njia. Kijana wa duka, Mkenya kwa maneno yake, aliitazama beringi.

"Hii ni ya posho mill, mum?"

"Sikuja kuchukua posho, mwanangu. Natafuta fundi."

"Eeh, lakini ni ya posho?"

"Hakuna aliyeniahidi posho! Nimekuja kwa nauli yangu mwenyewe."

Tulikwenda hivyo mpaka mteja mmoja akaangua kicheko, akatufafanulia: kwao ng'ambo, mashine ya kusaga ndiyo inaitwa hivyo. Kijana akacheka mpaka akashika kaunta, nami ilibidi nicheke, ingawa miguu yangu ilikuwa inataka kuondoka. Akanisindikiza mwenyewe mpaka kwa Otieno.

Fundi Otieno ni mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa anakereza chuma, akaniashiria ningoje. Chuma kilizunguka, vinyweleo vya chuma vikadondoka, yeye hakuinua macho. Nilitembea kutoka mlangoni hadi ukutani, kutoka ukutani hadi mlangoni, mpaka akazima mashine.

"Mama, unanizungushia kichwa. Keti. Uko na shida gani?"

Nikamweleza. Nilipotaja Mzee Mwita wa Ringwani alivua miwani.

"Mzee yuko hai?"

"Yuko. Lakini amepooza, hasemi."

Alikaa kwenye kigogo. Alisema alimngoja mwezi, akamngoja mwaka, kisha akahama, akawaachia majirani ujumbe. Aliingia stoo, akakaa huko muda, akatoka na kitu kimefungwa gazeti lililokuwa njano. Ndani kulikuwa na karatasi ya nailoni, ndani ya nailoni grisi, ndani ya grisi beringi. Aliipangusa kwa kitambaa, akaishika kwa vidole viwili, akaizungusha. Ilizunguka bila sauti yoyote. Nilinyoosha mkono.

"Bado," alisema. "Zilikuwa mbili. Moja niliitumia. Kulikuwa na mashine ya kituo cha watoto yatima, imekufa, mimi nikasema nitairudisha kabla Mzee hajaja. Sijapata nyingine mpaka leo. Hii moja siwezi kuitoa tena bila mwenyewe kuniambia."

Nikamwambia mke wake ameshaniruhusu. Akasema ananiamini, lakini anataka kusikia. Nikapiga simu. Haikwenda. Nikapiga tena. Simu yangu ilikuwa imeshajiunga na mtandao wa Kenya bila kuniuliza, na salio langu haukulitambua. Simu yake Otieno nayo ilikuwa ya laini ya ng'ambo. Basi tukatoka, yeye na ovaroli lake na mimi na kile kiganja changu chenye namba, tukapanda barabara ya kurudi Tarime tukiitazama simu. Tulitembea mpaka karibu na shule moja juu ya kilima ndipo mtandao wa nyumbani ukarudi.

Otieno alizungumza na Mama Mwita Kikurya, pole pole, akikitafuta kila neno. Nilisikia akitaja watoto yatima. Kisha nikasikia kicheko cha Mama Mwita kikitoka kwenye simu, kikali kama kilivyo. Otieno akanirudishia simu. Macho yake yalikuwa na maji.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema watoto yatima walikula vizuri."

Tuliporudi karakana hakunipa beringi tuagane. Alinifundisha. Aliweka sufuria ya oili safi kwenye jiko, akaning'iniza beringi mbovu kwa waya isiguse chini, akangoja. "Ukiitoa, dondoshea tone la maji. Likiruka, iko tayari. Ingiza mara moja, nyoofu, mpaka mwisho. Ukisita, inapoa na kushika katikati. Ikishika, usipige pete ya nje, utaua gololi. Piga ya ndani tu, kidogo kidogo, ukizunguka." Akanikatia kipande cha bomba chenye upana wa ile pete ya ndani. Alinifanyisha mara nne kwenye chuma chakavu. Mara tatu nilisita. Mara ya nne ikaingia.

"Wewe mikono iko sawa," alisema. "Ni roho ndiyo inakimbia."

Sirari hadi Ringwani

Kurudi kulikuwa kwepesi mpaka Ringwani. Nililala tena Tarime, nikafika kesho yake asubuhi nikiwa nimepanga kukaa dakika kumi: kuonyesha beringi, kushukuru, kuondoka na gari la saa tano.

Mzee Mwita alikuwa amekalishwa uani kwenye kiti cha kamba, blanketi miguuni. Mtu mkubwa, mabega mapana bado. Nilimwamkia, akanitazama. Mama Mwita akaichukua beringi kwangu, akaiweka kwenye kiganja chake kizima. Mwanzoni hakufanya lolote. Kisha kidole gumba kikasogea, kikaizungusha pete. Akaiinua mpaka sikioni. Akaizungusha tena, akasikiliza, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

Mama Mwita akageuka akaenda jikoni ghafla. Hakuna kilichokuwa kinaungua huko.

Nami nilifurahi, jamani, nilifurahi sana. Lakini gari la saa tano lilikuwa linakuja. Nikanyoosha mkono taratibu: "Mzee, asante, naomba sasa." Vidole vikafunga. Nikangoja. Nikaomba tena. Akafunga macho, beringi ikiwa kifuani, na baada ya muda mfupi akawa anakoroma.

"Mama," nilimnong'oneza Mama Mwita, "amelala nayo."

"Naona."

"Tumwamshe?"

Alinitazama kama siku ile ya ufagio. "Ana siku ngapi hajalala hivyo mchana? Kaa."

Gari la saa tano nililisikia likipita. Nilisaidia kuanika mtama. Nilichota maji mara mbili. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Kila nikipita karibu na kile kiti nilitazama vidole kama vimelegea. Mama Mwita akapika dagaa na mchicha, tukala, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilimsimulia mtu kweli yote, kwamba niliisikia mashine na sikuizima. Hakunituliza. Alisema tu, "Mwambie mwenyewe aliyevunjika," akaninawisha mikono.

Alasiri Mzee aliamka. Akanitazama, akaitazama beringi, akanyoosha mkono wake mwenyewe akaniwekea kiganjani. Sikuwa nimeomba tena.

Ringwani hadi nyumbani

Nililala hapo, na kesho yake Mugumu nilipita bila kusimama. Robanda nilishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Mwikwabe alikuwa ananisubiri kibandani na nyundo kubwa begani.

Tuliweka oili kwenye jiko. Niliing'iniza beringi kwa waya. Tone la maji likaruka. Nikaishika kwa vitambaa, nikaitia kwenye shafti, ikateleza vizuri, vizuri, kisha nikasita, ikainama unywele mmoja tu, ikashika. Ilibaki upana wa vidole viwili kufika mahali pake. Ikapoa hapohapo, nami nikahisi na mimi napoa.

"Sogea dada," Mwikwabe akasema, akiinua nyundo. "Pigo moja tu."

"Usiiguse!"

Sijawahi kumpigia kelele Mwikwabe. Alishusha nyundo. Nikachukua kile kipande cha bomba, nikakiweka juu ya pete ya ndani, nikaomba nyundo ndogo. Nikagonga kidogo, nikazungusha. Kidogo, nikazungusha. Nje wanawake walikuwa wameshaanza kufika na madebe, maana habari zilinitangulia, na nilisikia wakiulizana kwa nini nachelewa. Mimi, nachelewa! Jasho lilinidondoka kwenye oili. Sijui niligonga mara ngapi. Mwishoni mlio ulibadilika, ukawa mzito, wa chuma kilichofika mwisho. Nilizungusha puli kwa mkono mmoja. Ikaenda kama maji.

Mwikwabe akarudisha mkanda, akawasha injini. Hakuna chenene, hakuna changarawe, ni ile ngurumo ya mashine tu tuliyoizoea. Wanawake wakapiga vigelegele, na debe la kwanza likamwagwa.

Bhoke alikuja katikati ya foleni, mkono wa kushoto kwenye plasta, debe kichwani amelishika kwa wa kulia. Zamu yake ilipofika nilimtua. Nilisema kabla sijapata nafasi ya kutafuta kitu kingine cha kufanya.

"Bhoke, mashine ilikuwa inalia wiki tatu kabla haijafa. Niliisikia. Ningeizima mapema, usingepita kwenye wale tembo."

Alinitazama kwa mshangao.

"Umesahau?" alisema. "Siku moja kabla haijafa nilikuwa hapa. Ulisema, 'Hii inalia, nataka kuizima.' Mimi ndiye niliyekuambia umalizie debe langu kwanza. Tangu nivunjike nangoja uje unikumbushe. Ulipokuja ukaanza habari za kuku, nikasema moyoni, ananistahi tu."

Sikukumbuka. Mpaka sasa nikijaribu, sikumbuki. Tulisimama pale, injini inanguruma, watu wa nyuma wanatuambia tusogee.

Nikamwaga mahindi yake, nikayasaga mpaka punje ya mwisho, nikamfungia unga vizuri kwenye debe. Kisha nikaweka mkono kwenye beringi. Palikuwa na uvuguvugu tu, si moto, hakukuwa na ubaya wowote. Hata hivyo nikazima injini, ingawa foleni ilikuwa bado inafika kwenye mwembe wa jirani, nikachukua kopo la grisi. Nilitegemea manung'uniko. Lakini wale wanawake walitua madebe yao, mmoja baada ya mwingine, wakakaa kwenye nyasi, na Bhoke, ambaye unga wake ulikuwa tayari, akakaa pamoja nao. Wakaningoja.